Usukani wa Boti ya Kina Mafuru

Sogeeni karibu. Mwenye karanga azigawe, mwenye simu aizime, na mwenye kujua kila kitu akae mbele, maana ndiye atakayeulizwa wa kwanza. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo kuna mjane, boti, na neno lililosemwa mahali ambapo halikupaswa kusemwa.

Mjane huyo aliitwa Nyangeta, ila kule kandokando ya ziwa, upande wa Musoma, kila mtu alimjua kama Mama Maregesi. Mwanamke wa maneno machache na msimamo mwingi. Mumewe, marehemu Mafuru, alimwachia kiwanja kimoja mlimani, wifi mmoja mnene asiyejua kunyamaza, na watoto watatu ambao sasa ni watu wazima. Kila mtoto alikuwa na kipaji chake, na kila mmoja alikuwa na lake lililomsumbua.

Wa kwanza, Maregesi, alikuwa na sikio. Aliendesha mashine ya kusaga ya mtu mwingine, na aliweza kusinzia kitini mashine ikinguruma, kisha akaamka pale tu mkanda ulipoanza kulegea. Hakuna injini iliyowahi kumdanganya. Lakini unga wa miaka yote hiyo ulikuwa umemkaa kifuani, na mama yake alikuwa akimsikia anavyokohoa ng'ambo ya ukuta.

Wa pili, Nyabise, alikuwa na pua. Aliuza dagaa sokoni. Gunia likiletwa hafungui, anainama tu, ananusa, anasema, "Hawa walianikwa siku ya mvua, rudisha." Na kweli. Alikuwa ameachika, amerudi nyumbani na binti yake, na sokoni kila siku kulikuwa na mtu wa kumuuliza ataolewa lini tena. Alikuwa amechoka kujibu.

Wa mwisho, Bwire, alikuwa na jicho la maji. Shule ilimshinda, uvuvi ukamshinda, na ufundi uashi ulimshinda kabla hata mwiko wake haujachakaa. Lakini mpe ziwa alitazame, atakwambia wimbi lipi litavunjikia wapi. Huyu ndiye aliyeleta ugonjwa wa ubao pale nyumbani.

Ubao wenyewe uko hivi. Unafunga miguu kwenye ubao, unashika kamba, na boti inakuvuta. Boti ikipita huacha nyuma wimbi refu, wao wanaliita mkia. Wewe unateleza juu ya ule mkia, unaruka, unaanguka, unameza maji, unaomba uvutwe tena. Bwire alijifunza kwenye hoteli ya jirani alipokuwa akiosha vyombo vya wageni. Mwenye hoteli akaiuza boti yake, lakini wageni hawakuacha kuja wakiulizia ubao. Watoto wa Mafuru nao hawakuacha. Walichukua mlango wa zamani wa jiko, wakaufunga kamba kwenye mtumbwi wa injini wa jirani, wakawa wanapokezana kuvutana kila Jumapili. Shangazi yao Nyakwesi, yule wifi asiyejua kunyamaza, alikaa ufukweni akiwacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Basi Mama Maregesi akawatazama Jumapili nyingi, akawatazama na wale wageni wanaouliza boti iko wapi, halafu akauza kiwanja cha mlimani. Majirani wakasema mjane amechanganyikiwa, anauza ardhi ili anunue mchezo wa Wazungu. Alijua anachokifanya, na alijua pia kwamba kiwanja hakitanunua boti mpya. Kitanunua boti ya mkononi, iliyokwisha tumika, tena moja tu, na wakikosea hapana cha kuuza tena.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo jambo lilipoharibikia. Kwa kina Mafuru kuna desturi ambayo hata wenyewe hawajui ilianzia wapi. Neno ukilisema mkono wako ukiwa kwenye ugali wa pamoja, halirudi. Kabla hujanawa, sema na ubadilishe utakavyo. Ukishamaliza kula, vilevile. Lakini mkono ukiwa kwenye sinia, umekula kiapo. Marehemu Mafuru mwenyewe aliwahi kumwahidi mdogo wake ndama, tonge liko vidoleni, na ndama alipokua akapendeza, akamuuza. Mdogo mtu hakukanyaga tena ile nyumba. Hata kwenye msiba wa Mafuru alisimama barabarani, akalia kutokea hukohuko.

Mama Maregesi aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Lakini siku ile pesa ya kiwanja ilikuwa imeingia, watoto wote wako nyumbani, sato amekaangwa vizuri, na furaha haina breki. Akasema, "Wanangu, twende Mwanza tukatafute boti. Na atakayetupatia boti isiyotuaibisha, usukani ni wake. Mafunzo ya unahodha nitamlipia mimi, na kazi ya boti itakuwa kazi yake."

Shangazi Nyakwesi akaacha kutafuna. "Wifi, mkono wako uko wapi?"

Mama Maregesi akautazama mkono wake. Ulikuwa kwenye ugali mpaka kwenye viungo vya vidole.

"Uko ulipo," akasema, "na nimesema nilichosema."

Wakaenda Mwanza wote watano, maana Shangazi alikataa kubaki. Huko kulikuwa na yadi ya boti zilizotumika, na dalali wake aliitwa Kamazima, mtu mwenye miwani ya jua juu ya kichwa na majibu tayari mdomoni.

"Mama yangu, karibu sana," Kamazima akasema. "Yako hii hapa. Nilikuwa naificha wengine wasiione."

Ilikuwa boti nyeupe yenye mstari wa bluu, viti vya ngozi, na spika kubwa kama za harusini. Injini ilikuwa tayari inaunguruma, muziki umefunguliwa, na Shangazi alikuwa ameshaanza kutikisa mabega. Mama Maregesi aliiona ile boti, akaipenda papo hapo. Mawazoni aliwaona wageni wamejipanga. Alimwona na yule jirani aliyesema amechanganyikiwa, akiitazama kwa jicho la pembeni. Akaingiza mkono kwenye pochi.

"Mama, ngoja," Maregesi akasema. Akamgeukia dalali. "Kaka, zima muziki."

Muziki ukazimwa. Maregesi akainamisha kichwa. Akauliza kwa nini injini ilikuwa inawaka kabla wao hawajafika. Kamazima akasema alikuwa anawaandalia wateja wake. Maregesi akasema, "Basi izime na hiyo injini. Tutakwenda kula, tutarudi ikiwa imepoa, na nitaiwasha mimi."

"Lakini inawaka, si unaiona?"

"Iliyochemshwa kila mtu anaiona inawaka. Mimi nataka ya baridi."

Wakala, wakarudi. Injini baridi ikapiga chafya, ikazimika. Ikawashwa tena, ikazimika tena. Ilipokubali, chini ya mngurumo kulikuwa na mlio fulani, chuma kinagonga chuma, ambao Mama Maregesi mwenyewe aliusikia baada ya kuelekezwa. Maregesi akafunga kifuniko cha injini. "Hii itatuzimikia katikati ya ziwa tukiwa na watoto wa watu majini," akasema. Mama yake akaifunga pochi.

Kamazima hakukata tamaa. Akawapeleka kwenye boti ya pili, ya kijani, bei yake ya chini kuliko ile nyeupe. Maregesi akaiwasha ikiwa baridi, ikaitika mara moja. Akasikiliza muda mrefu, akasema, "Injini hii haina tatizo." Wote wakapumua. Sakafu ilikuwa imewekwa zulia jipya, zuri, la kijivu. Mama Maregesi akavua viatu ili asilichafue, akalikanyaga, akasema, "Hapa tumefika."

Nyabise hakupanda. Alikuwa amesimama pembeni, pua juu.

"Dada, vipi?" Bwire akamuuliza.

"Kuna kitu hakijakauka." Akapanda, akapiga magoti, akaisogeza pua yake hadi kwenye zulia. Kamazima akacheka, akasema boti inanuka ziwa, sasa inuke nini tena. Nyabise akalishika lile zulia jipya kwenye kona, akalibandua.

"Binti, utaliharibu."

"Zulia jipya kwenye boti kuukuu," Nyabise akasema, "limekuja kufunika nini?"

Akagonga sakafu kwa viungo vya vidole, kuanzia mbele kwenda nyuma. Mbele iliitika ko, ko, ko. Kuanzia katikati ilinyamaza, unasikia pu, pu tu. Akachukua msumari, akausukuma kwenye ufa kwa kidole gumba, ukazama bila kupigwa nyundo, na yaliyotoka pale yalikuwa maji meusi. Juu ilikuwa faiba, ile plastiki ngumu inayong'aa, lakini mbavu za mbao zilizokuwa ndani yake zilikuwa zimeoza. "Ukiivutisha mtu kwa nguvu, itapasuka hapahapa," akasema. Mama Maregesi alikaa chini pale nje, akavaa viatu vyake polepole. Mara mbili kwa siku moja alikuwa amekaribia kukitupa kiwanja cha mumewe ziwani.

Ikabaki boti moja tu ambayo pesa yao ingeifikia. Ilikuwa nyuma kabisa ya yadi, ndogo, rangi ya chungwa iliyopauka, viti vimeshonwa kwa uzi wa gunia. Maregesi akaiwasha, akasema injini ni nzima. Nyabise akanusa na kugonga kila mahali, akasema ni kavu. Lakini safari hii Kamazima mwenyewe ndiye aliyetikisa kichwa.

"Jamani, nisiwadanganye," akasema. "Hii ni ya kupeleka watu kuvua kwa ndoano. Ni nyepesi. Mkia wake mdogo, mtu wa ubao hawezi kuruka hapo. Subirini mwaka ujao, mkipata pesa nyingine."

Maregesi akatazama chini. Nyabise akaanza kufuta mikono yake. Mama Maregesi akasema, "Basi turudi nyumbani," na sauti yake haikuwa ile ya kila siku. Mwaka ujao wageni watakuwa wamepata boti kwingine, na pesa ya kiwanja ikikaa ndani ya nyumba haimalizi mwaka.

"Mama, tuijaribu majini," Bwire akasema.

"Umesikia alichosema mwenyewe."

"Nimesikia. Tuijaribu."

Wakaishusha majini, Maregesi akakaa kwenye usukani. Bwire akaketi kinyume, uso nyuma, anatazama mkia. Kweli ulikuwa mdogo, unafumuka na kutawanyika. Akasema, "Kaka, punguza mwendo." Mkia ukajikusanya kidogo. Akasema, "Shangazi, hamia nyuma, upande wa kushoto, kona kabisa."

"Unanifanya mzigo?"

"Nakufanya wimbi, Shangazi."

Shangazi akahamia, huku akinung'unika. Boti ikainama nyuma. Bwire akamwita mama yake naye akae jirani na Shangazi, akamvuta Kamazima kwa mkono wa shati akamweka katikati, kisha akasogeza mtungi wa mafuta. Anasogeza, anatazama, anasogeza tena. Na pale upande wa kushoto mkia ukaanza kuinuka, mrefu, laini, juu yake pana ncha inayoweza kumrusha mtu. Bwire akafunga miguuni ubao alioazima yadini, akajitosa, akavutwa. Alipofika kwenye ule mkia akaruka juu mpaka Kamazima akavua miwani.

"Boti za bei kubwa hubeba mifuko ya maji tumboni ili zikae chini," Bwire akaeleza alipopanda, maji yanamchuruzika. "Hii haina tumbo la mifuko. Lakini sisi tuna ukoo."

Shangazi Nyakwesi alicheka, akasema tangu azaliwe hajawahi kusifiwa mwili kwa namna ile. Mama Maregesi naye alicheka, na machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Wakainunua boti ya chungwa.

Wangerudi nyumbani na boti tu, hadithi ingeishia hapo, mkalala. Lakini kulikuwa na neno lililokuwa linawasubiri kwenye sinia.

Boti ya kubeba wageni haiingii kazini bila nahodha mwenye cheti, na mafunzo ya cheti yalikuwa Mwanza, yanaanza wiki iliyofuata. Pesa iliyosalia ilimtosha mtu mmoja. Wala msiseme wengine wangesoma baadaye, maana boti ile ni ndogo, ina kiti kimoja cha usukani na riziki ya mtu mmoja. Atakayekishika anaacha maisha aliyo nayo. Watakaobaki wanabaki nayo.

Jumapili baada ya kanisa wakakusanyika ufukweni, boti imefungwa kwenye gati dogo la mawe, na Mama Maregesi ameshika ufunguo. Akasema, "Kila mmoja aseme lake. Nami nitasikiliza."

Maregesi akasema, "Mama, boti ni injini. Bila mimi mngerudi na ile nyeupe, na leo tungekuwa tunaipiga kasia. Tena nahodha ndiye anayekaa na injini kutwa, atakayeijua ikianza kuumwa ni nani? Na kifua changu unakisikia. Daktari ameniambia nitoke kwenye unga. Nitoke niende wapi?"

Nyabise akasema, "Kaka aliipitisha ile ya kijani kwa mdomo wake mwenyewe. Alisema haina tatizo. Bila mimi isingetuzimikia tu, ingetuzamisha, na injini nzima ingekwenda nayo chini. Nahodha anabeba roho za watu, Mama. Nani hapa amezoea kutilia shaka kitu kizuri? Na mimi nataka binti yangu akiulizwa mama yako ni nani, aseme nahodha, asiseme yule aliyeachwa."

Bwire akasema, "Kaka na dada waliwaambia kipi msinunue. Ni kweli, walituokoa. Lakini kukataa boti mbili si kupata boti. Mama uliahidi atakayetupatia. Kaka alishatazama chini, dada alishafuta mikono, na wewe ulishasema turudi nyumbani. Mimi ndiye niliyesema tuijaribu. Na kila kitu kimenishinda, mnajua wote. Hiki hakijanishinda."

"Kwani lile wimbi lilikuwa la nani?" Shangazi akadakia. "Tuhesabu na makalio yangu."

Wakacheka kidogo, kisha hakuna aliyecheka. Shangazi mwenyewe akaona, akasogea karibu na wifi yake, akasema kwa sauti ya chini, "Ungeweza kusema tu kwamba ni ya wote."

"Sikusema wote, wifi. Nilisema atakayetupatia. Mmoja. Unaijua nyumba hii inavyoumia neno likigeuzwa. Sitaki mwanangu mmoja anililie kutokea barabarani."

Mama Maregesi aliwatazama mmojammoja. Aliposikia la Maregesi, alijua ni Maregesi. Aliposikia la Nyabise, alijua ni Nyabise. La Bwire ndilo lililomchoma, kwa sababu aliyakumbuka maneno yake mwenyewe vizuri, na yule mtoto aliyakumbuka kuliko yeye. Hakuwa mwanamke wa kusitasita. Aliuza kiwanja bila kumuuliza mtu, na hakujuta hata siku moja. Lakini aliwapenda wote watatu kwa uzito uleule, na ufunguo ulikuwa mmoja.

Wakati bado anawaza, upepo ukavuma kutoka upande wa visiwa, kamba ya mbele ikafunguka, na boti ikaanza kujigonga kwenye mawe. Hakuna aliyeitwa. Maregesi alirukia nyuma akainyanyua injini isivunjike. Nyabise aliingia majini mpaka kifuani na nguo zake za kanisani, akauweka mgongo wake katikati ya boti na jiwe. Bwire aliidaka kamba, akatazama mawimbi mawili yapite, na la tatu lilipokuja akaivuta boti juu yake mpaka ikakaa salama. Mama yao aliona yote hayo, na aliona jambo moja zaidi. Katikati ya purukushani ile yote, hakuna mkono uliogusa usukani.

Walipotulia wakabaki vilevile, mmoja nyuma, mmoja ubavuni, mmoja na kamba, wote wameloa, wote wanamtazama yeye. Walikuwa wamekubali. Lolote atakalosema, hakuna atakayesimama barabarani. Na hilo likamfanya aone ugumu zaidi kuliko mwanzo.

Basi la Mwanza linaondoka kesho asubuhi. Mama Maregesi akashuka mpaka kwenye gati, akanyoosha mkono wenye ufunguo, akafungua mdomo.

Hapo ndipo hadithi inapokukabidhi. Wewe uliyecheka Shangazi alipohamishwa kona, wewe unayejua kila kitu uliyeketi mbele, mkono ule sasa ni wako na ufunguo umo ndani yake. Utamwita nani? Na ukishamwita, wale wawili watakaobaki utawatazama usoni uwaambie nini?